Joginder Singh: Kalasinga aliyeshinda Safari kwa gari lililokwisha tumika

UKIWATAJIA wazee wa Nairobi, Kampala au Arusha jina la Joginder Singh, watakumbuka mambo matatu kwa pamoja: kilemba, matope na sikukuu ya Pasaka. Huyu ndiye dereva wa kwanza kushinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Wazungu walimwita Singasinga Arukaye. Wakenya wakampa jina lao wenyewe, Simba wa Kenya.

Wengi humkumbuka kwa kasi. Lakini ushindi wake wa kwanza, ule uliomfanya ajulikane duniani, haukuanzia barabarani. Ulianzia gereji, chini ya gari lililokwisha tumiwa na wengine, likachoka, likaachwa. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu inatuhusu sana sisi tunaoishi na magari ya zamani na vijana wenye mikono mizuri wasiojua waitumie wapi.

Mtoto wa Kericho

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, nchi ya mashamba ya chai, magharibi mwa Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa amehamia Afrika Mashariki kutoka Punjab. Joginder alikuwa kifungua mimba katika familia yenye watoto wengi, na kama ilivyo kwa vifungua mimba wengi, kazi ya baba ilimkuta yeye kwanza.

Katika Kiswahili, Singasinga huitwa pia Kalasinga. Inasemekana neno hilo limetokana na Kala Singh, mfanyabiashara mmoja wa zamani wa Kenya ambaye jina lake lilienea hadi likawa la jamii nzima. Wengi wao walikuja wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, wakiwa maseremala, wahunzi na mafundi wa mitambo. Reli ilipomalizika, ufundi haukumalizika. Baba alimfundisha mwana, na mwana akamfundisha mdogo wake. Ndiyo maana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mtu aliposema anapeleka gari kwa Kalasinga, alimaanisha anapeleka gari kwa fundi.

Battan Singh alikuwa na gereji Nairobi, na hapo ndipo Joginder alipokulia kikazi. Alianza kama wanavyoanza vijana wote wa gereji: kushika taa, kutafuta spana ya namba inayotakiwa, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kupokea makaripio. Kabla hajajua kushindana, alijua kwa nini gari huharibika.

Baadaye alifanya kazi ya doria ya barabarani kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuwafuata watu waliokwama njiani na kuwatengenezea magari yao palepale, juani au mvuani, kwa vifaa alivyonavyo. Ukitaka kujua dereva wa Safari alipatia wapi elimu yake, usiende mbali. Ilikuwa hapo.

Mashindano ya matope

Safari ilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwetu Burundi haikufika. Ilifanyika kipindi cha masika, na huo ndio uliokuwa mtego wake. Asubuhi dereva alikula vumbi, jioni akazama katika udongo mweusi ulioshika magurudumu kama gundi. Kulikuwa na mito iliyofurika, milima ya Usambara na ya Mbulu, wanyama usiku, na mawe yaliyotoboa matumbo ya magari. Umbali wote ulikuwa kama kilomita 5,000.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27. Kuanzia mwaka huo hadi 1980 alishiriki mara 22 na kufika mwisho mara 19. Msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri. Kuna miaka ambapo karibu magari yote yaliishia njiani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Kumaliza Safari mara 19 si bahati.

Mwaka 1964 Wamarekani walikuja. Huo ndio mwaka ambao Marekani iliingia katika zama za yale magari yanayoitwa ya misuli, yaani gari la kawaida lililowekewa injini kubwa ya silinda nane na kuuzwa kwa vijana wapenda mbio. Pontiac GTO ilitoka mwaka huo, na Ford Mustang ikazinduliwa mwezi wa Aprili. Kampuni ya Ford ilituma Safari kikosi cha magari ya Mercury Comet, yenye injini za namna hiyo, pamoja na mafundi na vipuri tele. Joginder alipewa moja aendeshe.

Barabara za Afrika Mashariki hazikujali ukubwa wa injini. Comet mbili tu zilifika mwisho. Moja ni ile ya Joginder, nayo ilifika ikiwa miongoni mwa za mwisho kabisa. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT, gari dogo zaidi na jepesi zaidi. Kijana wa gereji alikuwa amejionea mwenyewe kwamba nguvu nyingi katika mwili usiotayarishwa kwa njia ile huwa mzigo.

Gari waliloliacha wengine

Mwaka huohuo wa 1964, Volvo ya Sweden nayo ilikuwa imeleta magari ya kiwanda ya aina ya PV544. Hayakung'ara. Baada ya mashindano, mojawapo lilibaki huku, na ndilo Joginder na mdogo wake Jaswant walilolipata kwa ajili ya Safari ya 1965. Hawakuwa na kikosi cha kiwanda nyuma yao. Walikuwa na gari lililokwisha pigwa na Safari moja, na mikono yao.

Hata lilipokuwa jipya, PV544 halikuwa gari la kisasa. Umbo lake la mgongo wa kobe lilitokana na PV444, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1944, na lilifanana na magari ya Kimarekani ya miaka ya 1940. PV544 lenyewe lilitoka mwaka 1958, na kiwanda kikaacha kulitengeneza Oktoba 1965, mwaka uleule wa ushindi. Injini yake ilikuwa ya silinda nne na ujazo wa lita 1.8. Ukiliweka kando ya Comet, lilionekana kama baiskeli kando ya pikipiki.

Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo fundi hulipenda. PV544 halina chasisi ya kujitegemea iliyofungwa chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Likiwa zima ni gumu sana. Likiwa na ufa au kutu mahali pabaya, gari zima linalegea. Kwa hiyo anayelifufua hawezi kuanza na rangi. Lazima aanze na mifupa.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu wapo watu hapa Mutakura wenye magari ya zamani uani, Peugeot, Volkswagen au Toyota za miaka ile, wanaotamani kuyafufua. Kazi hiyo ina utaratibu wake, na haibadiliki, liwe gari la mashindano au la kupeleka watoto shule.

Kwanza ni kuosha, na kuosha kwa kweli. Si kupiga maji juu ya boneti ili majirani waone. Ni kuingia chini, kukwangua matope ya miaka, kusugua grisi iliyoganda kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto, mpaka chuma kionekane. Uchafu huficha ufa. Fundi anayetengeneza gari chafu anatengeneza asichokiona. Na gari likiinuliwa, lisiachwe juu ya jeki peke yake. Liwekewe vigogo imara au vishikizo vya chuma kabla mtu hajaingia chini. Jeki imeua watu.

Pili ni kufungua kwa mpangilio. Kila bolti iingie katika kopo lake, na kopo liandikwe. Wanaoshindwa kumaliza kufufua magari mara nyingi hawashindwi na ufundi. Wanashindwa kwa sababu miezi sita baadaye hawajui kipande kipi kilitoka wapi.

Tatu ni kutu. Kutu haifunikwi, inaondolewa. Sehemu iliyooza inakatwa hadi kwenye chuma kizima, inachomelewa bati jipya, inapigwa msasa, inapakwa rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya mwisho ifuate. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea, na tangi la petroli liwe limetolewa kabisa. Anayejaza tundu kwa lipu ya plastiki na kupaka rangi juu yake anampumbaza mnunuzi leo, na kesho barabara itamwumbua.

Nne ni breki, na zinakuja kabla ya injini. Gari lisilowaka halimuui mtu. Gari linalowaka lisilosimama linaua. Mipira ya breki iliyokaa miaka hukauka hata kama inaonekana mizima, na mafuta yake hunyonya unyevu na kula vyuma kutoka ndani. Vyote vibadilishwe.

Tano ndipo injini. Injini iliyolala muda mrefu haipigwi stata siku ya kwanza. Plagi zinatolewa, mafuta kidogo yanatiwa katika kila silinda, inaachwa yapenye, kisha inazungushwa kwa mkono taratibu. Ikizunguka, kuna matumaini. Ikikwama, ukiilazimisha utavunja ringi za pistoni ambazo zingeweza kuokolewa. Petroli ya zamani imwagwe, tangi lioshwe, kabureta ifunguliwe na vitundu vyake vipulizwe. Nyaya zikaguliwe moja moja, maana panya hupenda magari yaliyolala.

Rangi ni ya mwisho. Vijana wengi huanza nayo.

Gari la Safari lilihitaji hayo yote na zaidi: springi na shokapu za kuhimili mashimo, bamba la chuma la kukinga tumbo la injini, taa za ziada za usiku, na mahali salama pa kuweka vipuri ambavyo dereva mwenyewe angevifunga njiani. Faida ya ndugu wawili wa gereji ilikuwa kwamba hawakuhitaji kumwita mtu. Sauti yoyote ngeni ikitoka chini ya gari, walijua ni sauti ya nini.

Pasaka ya 1965

Volvo lao lilipangiwa kuondoka la kwanza. Wengi waliona ni mkosi, kwa kuwa wa kwanza ndiye anayewafungulia wengine njia katika matope. Lakini wa kwanza pia hali vumbi la mtu, na anapita kabla barabara haijachimbwa na magurudumu ya magari mengine. Joginder aliitumia nafasi hiyo kama fundi: alikwenda kwa kasi ambayo gari lingeweza kuivumilia, akaacha wengine wavunje magari yao.

Walivunja. Yaliondoka magari 85, yakarudi 16. Joginder na Jaswant walifika Nairobi wakiwa wamewaacha wanaowafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Waafrika Mashariki wenye asili ya Asia kutwaa Safari. Mabingwa wa Ulaya waliokuwa na magari mapya, timu na fedha walishindwa na ndugu wawili wenye gari la mkono wa pili.

Volvo, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuja kwa vishindo ikatoka bila kung'ara, ilipewa ushindi wake na watu ambao haikuwa imewatuma.

Miaka ya Lancer

Baada ya hapo viwanda vilimtafuta yeye. Mwaka 1969 alishika nafasi ya pili katika Volvo 142S, akiwa na msomaji ramani Bharat Bhardwaj. Mwaka 1974, akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, alishinda Safari ya mvua kali mbele ya Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911 na Sandro Munari wa Italia katika Lancia. Wakati huo Safari ilikuwa imeingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na Mitsubishi haikuwa jina kubwa katika mbio hizo. Mwaka 1976 Joginder na Doig walirudia, na safari hii Lancer zilishika nafasi zote tatu za mbele. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda Safari mara tatu kabla yake.

Miaka hiyo haikuwa myepesi kwa watu wa asili yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda. Miongoni mwa walioondoka alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye familia yake ilipoteza mali nyingi. Alihamia Kenya, mwaka uliofuata akashinda Safari, na mwishowe akafikisha ushindi mara tano na kuivunja rekodi ya Joginder.

Kwetu sisi mwaka 1972 hauhitaji kuelezwa. Ndio mwaka ambao wazazi wangu walivuka mpaka kuingia Tanzania, na mimi nikazaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Kule tulifundishwa na maisha kwamba nyumba, shamba na ng'ombe vinaweza kubaki nyuma katika usiku mmoja, lakini kile ambacho mikono inakijua kinavuka mpaka nawe. Fundi baiskeli alipofika makazini hakuwa na kitu, na baada ya wiki alikuwa na wateja. Nikisoma maisha ya Joginder, mtoto wa wahamiaji aliyeitwa simba wa nchi aliyozaliwa, naona jambo hilohilo. Hakuomba kukubalika. Alifanya kazi ambayo kila mtu aliihitaji, akaifanya vizuri kuliko wengine, na watu wa kila kabila wakasimama kando ya barabara kumshangilia.

Joginder aliacha Safari mwaka 1980. Baadaye aliishi Uingereza, na huko London ndiko alikofariki Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Hakuiona Safari ikirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Magari ya leo yana kompyuta, na mafundi wake huvaa glavu safi. Lakini matope ya Naivasha bado yanauliza swali lilelile la 1965: nani alilitayarisha gari hili, na alikagua nini?

Uani kwetu

Ninafundisha Mutakura, na kila mwaka nawaona wanafunzi wa aina moja. Daftari lake lina makosa, lakini redio ya nyumbani ikiharibika ndiye anayeitengeneza. Akisema anataka kwenda gereji, nyumbani panakuwa kilio. Wazazi waliorudi kutoka uhamishoni hasa hulichukulia kama msiba. Wanasema hawakuteseka miaka yote ile ili mtoto aje kupakwa oili Buyenzi. Nawaelewa. Cheti ndicho kitu pekee walichoona kinaheshimika ofisini.

Lakini tazameni mitaa yetu. Magari yanayotembea Bujumbura karibu yote yamekwisha tumika nchi nyingine kabla ya kufika hapa. Mji mzima unatembea kwa sababu ya watu wanaojua kufufua vitu vilivyoachwa na wengine. Mtu huyo tunamhitaji kila siku, kisha tunamwonea aibu akiwa mtoto wetu. Matokeo yake ni kwamba gereji hupokea kijana aliyeshindwa, si kijana aliyechaguliwa, na hakuna anayemfundisha kwa utaratibu. Anajifunza kufunika kutu kwa rangi kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kukata.

Battan Singh hakumpeleka mwanawe gereji kama adhabu. Alimpeleka kama mwingine anavyompeleka mwanawe chuo. Alimwanzisha na kuosha vyuma, akamfikisha kwenye injini, na hakumruhusu kuruka hatua. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, na gari la zamani limelala chini ya mwembe, ana shule nzima uani kwake. Ampe mtoto brashi, mafuta ya taa na makopo ya kuwekea bolti, na amtafutie fundi mwaminifu wa kumsimamia siku za Jumamosi. Vitabu vya shule viendelee, maana fundi asiyejua kupima na kusoma naye hubaki nyuma.

Pengine gari halitawaka. Lakini mtoto atakuwa amejifunza kuanza na mifupa na kuacha rangi iwe ya mwisho.